Kikombe cha Siku ya Tatu

Mama Zawadi,

Wamenifukuza. Haki ya Mungu, wamenifukuza kwenye jiko lako asubuhi hii, mchana kweupe, mbele ya stendi nzima ya Nateete, na aliyeongoza ni yule yule Salongo muuza viatu ambaye wewe mwenyewe ulimfukuza mara nyingi kuliko nywele alizonazo kichwani. Sasa nimekaa kwenye benchi la kliniki, hii ya juu ya duka la rangi, nangoja kupimwa damu. Mbele yangu kuna watu kumi na mmoja. Nimeomba karatasi kwa msichana wa mapokezi, amenipa na kalamu inayovuja, nikaona badala ya kuhesabu nyufa za ukuta nikuandikie wewe.

Usishtuke. Ni mafua tu, nadhani. Pua imeziba, koo linawasha, mifupa inaniuma kama niliyebeba magunia ya mihogo, na sauti imebaki nusu. Lakini nacheka, Mama. Nimecheka njia nzima, mpaka mama mmoja wa ndizi akaniuliza kama niko sawa kichwani. Kwa nini nacheka utajua, wacha nifike huko pole pole, maana foleni ni ndefu na wewe huna pa kwenda.

Unakumbuka tulivyokutana? Mimi nakumbuka vizuri, maana ndiyo siku niliyoamua kwamba Wakongo hawana adabu. Nilikuwa nimetoka kwetu Bungoma mwaka huo huo, nimeajiriwa na Mkenya mwenzangu dukani Kikuubo. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na kuita: sabuni, sabuni, karibu sabuni! Vumbi la Kikuubo na mvua ya Kampala vikashirikiana, sauti ikakauka. Sasa mwita wateja asiye na sauti ni mwita wateja gani? Tajiri akaanza kuniangalia vibaya. Jirani yangu pale Nateete akaniambia, nenda stendi, kuna jiko la Mama Kongo, anapika kitu cha tangawizi, utapona mwenyewe ushangae.

Nikaja. Kabla hata ya kunikaribisha ukaanza kunihoji. Limeanza lini? Usiku unatoka jasho? Unatema nini, ya rangi gani? Umekula? Watu wamejaa kwenye benchi wanasikiliza habari za makohozi yangu! Niliona aibu nikatamani ardhi inimeze. Kisha ukanipa kikombe. Nilipokunywa, pua ikafunguka, machozi yakanitoka, koo likalainika, nikalala usiku huo kama mtoto. Siku ya pili nikarudi, ukanipa tena. Siku ya tatu nikaja mapema, nimejipanga kwenye benchi na wenzangu, nimeshajiona mwenyeji. Ukachukua kikombe, ukakiweka mbele yangu kifudifudi, kimepinduliwa, mdomo chini. Benchi zima likaangua kicheko.

"Weye Kenya, unakuya tena? Siku ya tatu? Hapana. Enda bakupime damu."

Nililia mpaka kliniki. Niliona nimedhalilishwa. Kumbe nilikuwa na malaria imetulia mwilini kama mgeni aliyeambiwa ajisikie nyumbani. Nikatibiwa, nikapona, na wiki iliyofuata nikaja kukushukuru. Hukusema karibu, hukusema pole. Ulisema, "Sasa kaa. Ponda tangawizi." Nikaponda. Sabuni za Kikuubo sikuziona tena, na tangu siku hiyo jina langu la Nafula ulilitupa, nikawa Kenya.

Miaka saba, Mama. Miaka saba ulinifundisha kazi, na mpaka leo nikifumba macho nakusikia. Tangawizi haimenywi, inasuguliwa kwa brashi mpaka udongo wote utoke, halafu inapondwa kwenye kinu pamoja na ganda lake. Maji yachemke kwanza na mchaichai na karafuu tatu, si nne, ya nne ni ya kujionyesha. Sufuria ifunikwe, maana harufu mnayoisifia njiani ni dawa iliyotoroka. Limau halipikwi, linakamuliwa ndani ya kikombe. Asali ni ya mwisho kabisa, kikombe kikiwa kimepoa kiasi cha kushikika. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka, asali ng'o, hata mama yake apige magoti. Mwenye koo la kuwasha apewe kwanza maji vuguvugu ya chumvi, asukutue mpaka kule nyuma, ateme, ndipo aketi. Na kitunguu saumu ni kwa wale wasio na miadi ya mapenzi, ulilisema hilo mbele ya mchungaji, na mchungaji akakataa kitunguu saumu. Tulicheka wiki nzima.

Na ulivyonitania na chai yetu! Eti Wakenya tunatia maziwa hata kwenye maji ya kuoga. Siku nilipokupikia chai ya maziwa yenye tangawizi, vile mama yangu anavyoipika mtu akiwa na mafua, ulikunywa vikombe viwili ukakunja uso, ukasema si mbaya kwa watu wasio na meno. Kesho yake ukaniambia nipike tena. Sasa iko kwenye chupa ya nne, Mama, kila siku, na inaisha ya kwanza. Najua huko uliko umekunja uso.

Baada ya kukuzika, Zawadi binti yako alikaa siku tisa, kisha akarudi kazini kwake Mbarara. Alifua nguo zako zote, akazigawa kanisani, akaniachia kile kitenge chako cha samaki. Asubuhi ya kuondoka akanikabidhi jiko, kinu, chupa za chai na sanduku la vikombe. Akasema yeye anajua kompyuta, tangawizi hajui. Tukakumbatiana pale pale stendi, makondakta wakatupigia makofi bila kujua ni ya nini.

Wiki ya pili nikafungua jiko. Na hapo ndipo nilipokosea, Mama, na kosa lenyewe nililiona ni wema.

Unanijua. Kwenye karatasi mdomo wangu hauna breki, lakini mbele ya mtu siwezi kusema hapana. Ukiniomba nakupa, ukinikanyaga naomba radhi mimi. Sasa mtu anakuja siku ya tatu anakohoa, ananitazama kwa macho ya huruma, anasema bambi nyabo, tafadhali mama, nipe kidogo tu, mimi nani nimpindulie kikombe? Nikampa. Siku ya nne nikampa. Nikajiambia, Mama alikuwa mkali mno, mimi nitakuwa mpole. Wale uliowafukuza wakasikia kuna Mkenya mpole, wakaja makundi kwa makundi. Benchi likajaa mpaka watu wakanywa wamesimama. Nilijisifu, sitakuficha. Nilisema kimoyomoyo, Mama angeona!

Miezi miwili haikuisha, maneno yakaanza. Dawa imekufa na mwenyewe. Mkenya anauza maji ya moto. Salongo, ambaye hajui kunong'ona, akalisema wazi na Kiswahili chake cha Kiganda: "Nyabo, hii yako ni chai tu. Mimi nataka ire ya Mama, ire kari." Watu wakaitikia. Wakapungua, mmoja mmoja, mpaka nikawa narudi nyumbani na chupa mbili hazijafunguliwa.

Nikachanganyikiwa. Nikaongeza tangawizi, katekista mmoja akapaliwa tukampiga mgongoni mpaka akarudi duniani. Nikatia pilipili, mtu akanitukania ukoo. Nikaamka alfajiri nikaenda Kalerwe kwa yule bibi wako wa tangawizi, nikamshika mkono, nikamwapisha aniambie kama ulikuwa ukinunua kitu kingine kwake. Akaniambia ulikuwa ukinunua tangawizi, na ulikuwa ukimgombeza kwa udongo. Basi. Mama, nikaanza kukushuku wewe! Nikadhani kulikuwa na kitu ulichotia nikigeuka. Nilikinusa kinu chako kama mbwa wa polisi. Nisamehe, njaa ina mambo.

Ndipo akaja mwenyekiti wa soko. Unamjua, yule mama wa miwani asiyekaa akiongea. Akatazama chupa zangu zilizojaa, akatazama benchi tupu, akaniambia nafasi hii ya mbele ya stendi ni ya mtu mwenye wateja, na Kato muuza roleksi ameiomba. Kato, yule kijana wa chapati za kukunjia mayai, anakaa nyuma huko kwenye matope na foleni yake inafika barabarani. Hakuwa mbaya, mwenyekiti. Alisema anakuheshimu wewe marehemu. Lakini alisema: mvua zikiisha na hali iko hivi, unahama.

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Kuhama mimi si kitu, nimehama sana maishani. Lakini pale watu hawasemi kwa Nafula, wanasema kwa Mama Kongo. Dereva akitaka kuelekeza mtu anasema shuka kwa Mama Kongo. Hujaacha nyumba hapa Kampala, hujaacha shamba, kaburi lako liko mbali na stendi. Nikaona jiko likitoka pale, jina lako nalo linatoka, na mimi ndiye nitakuwa nimelitoa.

Ikawa asubuhi moja ya mvua. Salongo akaja na koti kubwa, analalamika kama kawaida yake, dawa haifai, lakini kwa sababu ya mvua nipe tu. Nikachukua chupa. Nikawa namimina, na nikamwona amejishika mbavu. Akikohoa anafumba macho kwa maumivu. Nikajiuliza, huyu amekunywa hapa siku ngapi? Nikahesabu. Sita. Nikajiuliza tena, Mama angempa? Na hapo hapo, chupa mkononi, ikanijia yote kwa mpigo, nikaona aibu kwa ujinga wangu.

Dawa yako haikuwa kali kuliko yangu hata kidogo! Mafua ya kawaida yanachoka yenyewe. Kikombe chako kiliwapa watu joto na usingizi na koo laini mpaka yakachoka. Wale wenye malaria, wenye nimonia, wenye mambo makubwa ya kifua, wewe uliwapindulia kikombe siku ya tatu, wakanung'unika, wakaenda wakatibiwa, wakapona huko, halafu wakarudi kukushukuru WEWE. Kila aliyebaki kwenye benchi lako alikuwa mtu wa kupona. Mimi nimewakalisha pamoja, wa tangawizi na wa hospitali, wiki nzima, halafu nashangaa mbona hawaponi. Miaka saba nimekaa pembeni yako na jambo hilo lilinipita puani. Unaweza kucheka sasa.

Nikamnyang'anya Salongo kikombe. Nikakimwaga. Nikakipindua mbele yake kwenye ubao. Kisha nikafanya kile nilichozoea kufanya, nikasema, Salongo, samahani sana, naomba, kama hutajali, tafadhali, labda ungefikiria kwenda kupimwa. Watu wakacheka. Salongo akakasirika. Akasema yeye ni mtu mzima, ni baba wa mapacha, hawezi kufukuzwa na mtoto wa juzi kwa chai mbovu, nimpe au nimwache amwite mwenyekiti.

Mama, sijui kilitoka wapi. Nilimrukia. Nilisema, mapacha wako ndio wanaotaka baba! Siku sita unakohoa unashika mbavu, unangoja nini, unangoja sanduku? Ondoka hapa! Na kwa sababu matusi yangu yote ya kazi nimejifunza kwako, maneno yakatoka kwa lugha yako: "Enda bakupime! Hapana kurudi hapa bila karatasi!" Kondakta mmoja akasahau kuita abiria. Kisha mzee mmoja kule mwisho akasema taratibu, "Sasa hiyo ndiyo yenyewe." Na watu wakapiga makofi.

Salongo akaondoka kwa hasira, ameacha viatu vyake vyote vimetandazwa kwenye turubai, mvua inanyesha. Nani aliyeviokota na kuvifunika? Kato. Yule yule aliyeomba nafasi yangu. Akaja na mwavuli wake wa roleksi, akavikusanya, akavilinda siku zote Salongo alizolazwa. Ndiyo, alilazwa. Nimonia. Nilimpelekea chai ya maziwa wodini kwa siku nne, mke wake akinipokea kwa magoti vile wanavyofanya Waganda, mimi sijui niweke wapi uso wangu, maana siku tano za mwanzo ni mimi niliyemchelewesha. Nilimwambia hivyo. Akasema, lakini ya sita ulimfukuza.

Alirudi amekonda, koti limemzidi. Akaketi kwenye benchi, akaweka karatasi ya kliniki juu ya ubao kama mtu anayeonyesha pasipoti, akasema, "Nyabo, nigombeze tena." Nikamgombeza. Kuanzia siku hiyo amekuwa tarishi wangu, anatangaza stendi nzima kwamba dawa ya Mama Kongo imerudi, ile kali. Dawa ni ile ile, Mama. Karafuu tatu.

Mwenyekiti naye akaja, mvua zikiwa bado, anapenga kamasi. Nikamwuliza maswali yako yote, mbele ya watu, makohozi na rangi zake. Nikampa kikombe. Nikamwambia kesho kutwa ukija hali iko hivi sikupi, hata uwe nani. Alivua miwani iliyojaa mvuke, akanitazama, akasema, basi hili ndilo jiko la Mama Kongo, na hakuzungumza tena habari ya kuhama. Kato amepewa kipande cha pembeni yetu. Watu wanachukua roleksi kwake, wanashushia kwangu. Tunagombana kuhusu moshi kila siku ya Mungu na ndiyo raha yetu.

Na sikia hii, utafurahi. Siku hizi Nateete kupinduliwa kikombe ni msemo. Dereva akinyimwa abiria, kapinduliwa kikombe. Kijana akiachwa na mchumba, tunamwambia pole, umepinduliwa kikombe, enda bakupime. Hata mchungaji alilitumia kwenye mahubiri, sikuelewa vizuri lilihusu dhambi gani.

Sasa basi, habari ya leo. Nimekuwa na haya mafua tangu juzi. Leo asubuhi nimefungua kama kawaida, nikajimiminia changu kidogo kabla ya watu kujaa. Kumbe Salongo ananihesabia! Amekuja kimya kimya, akanipokonya kikombe mdomoni, akakipindua. Ameinua vidole vitatu juu mpaka kondakta wa ng'ambo akaviona. Nikamwambia niache, ni mafua, nani atamimina? Kato akavua aproni yake ya unga akasema, mimi. Yuko pale sasa hivi, anawahoji watu makohozi na mwiko wa chapati mkononi. Benchi zima likaanza kuimba enda, enda, enda. Nikachukua mkoba wangu nikaenda. Ndiyo maana nacheka.

Bado watu wanne mbele yangu. Nimeweka kalamu chini kidogo, nimeichukua tena. Kuna jambo sijalisema, na kama silisemi leo sitalisema kamwe.

Mama, wewe ulikohoa wiki mbili na nusu.

Ulisema ni moshi wa jiko. Tukacheka. Ulisema uzee. Tukacheka. Na kila asubuhi ulikaa kwenye kigoda chako ukaniambia, Kenya, nipe na mimi. Nikakupa. Ya tatu nikakupa. Ya tano. Ya kumi. Mimi, kwa mkono wangu, na asali nikaongeza. Benchi zima lilikuona ukijishika kifua, nami nilikuona, na hakuna aliyethubutu kukupindulia kikombe. Nani angeanza? Tulidhani ni heshima. Siku tulipokubeba kukupeleka hospitali, daktari akasema kifua kimejaa, mngekuja mapema. Neno hilo mapema nimelala nalo na kuamka nalo. Nimekaa kwenye jiko lako naimba na kutania watu, na ndani liko.

Nilijikasirikia. Na wewe pia nilikukasirikia, wacha niseme, leo mdomo umefunguka. Kwa nini hukwenda? Wewe uliyeijua siku ya tatu kuliko sisi sote! Ulimwogopa nani? Ulidhani jiko litakimbia? Ulidhani mimi sitaweza hata wiki moja peke yangu, ndiyo ukang'ang'ania kigoda? Ulifukuza Nateete nzima ikaenda kupona, wewe ukabaki umekaa unanidanganya na moshi! Hapana, Mama. Si vizuri. Hukufanya vizuri kabisa. Tulikuhitaji. Nilikuhitaji mimi.

Haya. Nimekugombeza. Ningekugombeza siku ya tatu ungenitukana, ungeninunia siku mbili, na leo ungekuwa pale unagombana na Kato. Karatasi imelowa kidogo, ni hii kalamu, na si kalamu peke yake.

Wameniita. Nakuja.

Nimerudi. Nakuandikia nimekaa ngazini, karatasi juu ya goti. Si malaria. Kifua wamekisikiliza mbele na nyuma, kiko safi. Ni mafua, jina na ukoo. Yule muuguzi, msichana mdogo tu, mgeni hapa, ameniambia nipumzike siku mbili, ninywe vitu vya moto kwa wingi. Kisha akainama kunionea huruma, akaniuliza kama nakaa Nateete. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi pita pale stendi. Kuna mama mmoja Mkongo anatengeneza tangawizi nzuri na limau. Lakini uende leo au kesho, maana siku ya tatu atakukatalia."

Nilimtazama, Mama. Sikumwambia kwamba ulishafariki. Sikumwambia mimi ni nani. Nilisema asante, nitamtafuta, nikatoka mbio kabla sijacheka au sijalia, na hapa ngazini nimevifanya vyote viwili, watu wananipita kwa kando.

Wewe pumzika sasa. Zawadi anakusalimu, amepata mimba, akijifungua tutamletea mtoto kaburini umwone, na asali hatumpi. Nilikupenda nikanyamaza, na kunyamaza kwangu hakukukufaa kitu. Kwa hiyo nakuahidi, Mama, na ahadi hii naiweka mbele ya Mungu na mbele ya benchi zima: mtu yeyote nitakayempenda tena hapa duniani, nitamgombeza angali hai.

Mwanao,
Kenya